Kuzunguka Nako Ni Kutembea

Kisiwa chetu hakikuwa cha kujivunia. Kilikuwa kipande cha udongo mweusi kilichoshikwa kati ya mikono miwili ya Lukuga, pale mto unapoachana na ziwa na kuanza safari yake ya magharibi. Kutoka Kalemie ulipiga kasia asubuhi ukafika kabla jua halijawa kali. Mji wenyewe siku hizo ulikuwa na jina la kizungu kwenye karatasi za serikali, lakini vinywani mwetu ulibaki Kalemie. Kiangazi, mkono mmoja wa mto ulipungua hata mtu akavuka kwa miguu, viatu mkononi, na hapo hatukuwa kisiwa tena. Masika maji yalirudi yakatutenga na dunia.

Tuliishi hapo watu wa namna mbili. Sisi tuliitwa Wangwana, Waislamu, wajukuu wa wafanyabiashara wa ziwani, na kazi yetu ilikuwa mpunga. Wenzetu walikuwa Wakatoliki waliotoka upande wa Moba. Walilima muhogo, walivua, na walikula panya wa shamba, kitu ambacho kwetu ni haramu. Tulitaniana juu ya hilo tangu utoto, wala hakuna aliyekasirika. Wao walisema tunanawa mpaka ngozi inatoka, nasi tukasema wao wanaoa paka ili wasigombee kitoweo.

Sasa nikueleze juu ya mfereji, maana bila mfereji hutaelewa yaliyotupata. Babu zetu waliuchimba kwa majembe. Ulimega maji kwenye mkono wa juu wa mto, ukayapitisha kati ya nyumba na majaruba ya mpunga, ukayarudisha kwenye mkono wa chini. Tulikunywa humo, tukaosha vyombo humo, tukatawadha humo. Usishtuke. Hatukuwa watu wachafu, tulikuwa na kanuni, na kanuni hiyo kila mtoto aliijua kabla ya kujua kuhesabu: maji yanayotembea ni safi, maji yaliyolala ni mgonjwa. Kila alfajiri mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo alishuka mferejini na kuangusha kapi moja la mpunga juu ya maji. Likienda, alipaza sauti, "Yanatembea!", na wanawake wakashuka na mitungi. Likisimama, hakuna aliyetia hata kidole mpaka wanaume wamesafisha mfereji wote.

Baba yangu alikuwa na kazi hiyo. Alipofariki ikaja kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeoa mwaka uliopita, nimesoma chuo cha Kurani kwa maalimu, na nimekaa miaka miwili bandarini nikibeba karatasi za karani. Kwa hiyo watu waliamini najua mambo. Nami nilipenda kueleza. Mtu akiuliza kwa nini ndagala, dagaa wa ziwa letu, wamepungua, au kwa nini mwezi una duara, nilikaa naye mpaka aelewe. Si tabia mbaya, kueleza. Lakini ngoja.

Mwaka ninaouzungumzia, katikati ya miaka ya hamsini, mvua ilianza mapema na haikujua kunyamaza. Ziwa lilipanda, mto ukapanda nyuma yake. Mafunjo yaling'oka huko juu, yakaja yakielea kama vipande vya shamba, na mengine yakakwama kwenye mdomo wa chini wa mfereji wetu. Panya waliokuwa kwenye mashimo ya tambarare walifukuzwa na maji, na mahali pakavu palipobaki palikuwa petu: matuta ya majaruba, vichanja vya mpunga, kingo za mfereji. Mchana kweupe uliwaona wakipita ukingoni, mmoja nyuma ya mwenzake, kama watu wanaokwenda sokoni.

Jirani yangu wa upande wa Wakatoliki alifurahi. Alikuwa mvuvi, mtani wangu wa kweli, mtu mwenye sauti kubwa na meno machache, na "ndiyo" yake, kama ya wengi wetu upande ule, ilikuwa "njo".

"Mungwana!" aliniita siku moja, ameshika panya watano kwa mikia. "Wageni wako hawa. Wamekula mupunga wako mwaka muzima, sasa njo mimi nakula mupunga wako ndani yao. Wewe ubaki na makapi."

"Kula, mutani," nikamjibu. "Lakini wakianza kulia ndani ya tumbo usije kwangu."

"Wakilia nitawaambia wanyamaze, mungwana analala."

Wiki iliyofuata alilala yeye. Homa ilimshika ghafla, kichwa kikamuuma kama kinapasuka, na miguu ikamuuma, hasa mashavu ya nyuma ya miguu, hata shuka ikimgusa alipiga kelele. Macho yakawa mekundu, kisha yakawa ya njano, rangi ya bizari ya manjano yenyewe. Siku za mwisho hakupata haja ndogo, na kidogo kilichotoka kilikuwa cheusi kama chai iliyosahauliwa. Katekista alikuja na msalaba wake, na sisi Wangwana tukasimama upande wa pili wa kaburi na kofia zetu, kwa maana alikuwa mtu wetu.

Jioni ile barazani watu waliniuliza ni ugonjwa gani. Nikaeleza. Nikasema panya hawa wametoka kwenye tambarare ya maji machafu, wamekula mizoga, nyama yao imejaa sumu, na sumu ya nyama hukaa kwenye ini, ndiyo maana macho yanageuka. Nikasema Mungu alipotukataza hakutukataza bure. Sisi hatuli panya, kwa hiyo sisi tuko salama. Nilieleza vizuri. Wazee waliitikia kwa vichwa, wanawake wakaacha kuogopa. Mjane wa jirani alikuwa anapita na kuni kichwani. Alisimama, akasikiliza mpaka mwisho, akaenda zake. Hadi leo nikikumbuka baraza ile, kinachoniuma ni jinsi maneno yalivyokaa sawasawa.

Siku chache baadaye ndipo ikaja asubuhi ya kapi.

Mke wangu alishuka nami mferejini. Alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza yetu, na asubuhi alipenda kutembea kabla mgongo haujaanza kumuuma. Niliangusha kapi. Halikwenda. Lilikaa kidogo, likaanza kuzunguka polepole, likazunguka tena, likabaki palepale. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba kama mafuta.

"Haliendi," alisema mke wangu.

"Linajongea. Tazama."

"Linazunguka tu, bwana. Haliendi popote."

Hapa nataka nikuambie kila kitu bila kujisetiri. Nilijua kwamba nikisema maji yamelala, wanaume wote itabidi waache majaruba waende kung'oa mafunjo kwenye mdomo wa mfereji, ndani ya maji ya kifua, kazi ya siku nne au tano. Miche ilikuwa imezidi umri kitaluni. Siku tano zaidi na mpunga wa mwaka mzima ungepotea. Kijiji kizima kilikuwa kimeinamisha mgongo kikipandikiza. Sikutaka kuwa mtu wa kuwasimamisha. Kwa hiyo nilifanya kile nilichokizoea. Nilieleza.

"Maji ya masika ni mazito," nilimwambia. "Yanatembea kwa chini, huku juu yanageuka. Kuzunguka nako ni kutembea."

Alinitazama. "Kuzunguka nako ni kutembea," alirudia, kama mtoto anayerudia somo. Kisha akasema, "Mimi ningeweza kuteka maji mukono wa juu, kule yanakovuta. Nitachukua mutumbwi."

"Na tumbo hilo? Uteleze kwenye tope? Hapana, mama. Maji haya haya yalitulea sisi wote."

Nikageuka kuelekea nyumba, nikapaza sauti, "Yanatembea!" Wanawake wakashuka.

Mke wangu alifanya kazi kama wengine, siku nzima miguu ndani ya jaruba. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kwa maji. Jioni alivisugua kwa majani ya msasa, yale yanayokwaruza kama tupa, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba mwanamke hasimami kwenye msala wa kuswalia na tope kwenye nyufa. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Kisha alishuka mferejini kutawadha. Alisukutua mara tatu, akapandisha maji puani mara tatu, akaosha uso, mikono, miguu. Hakuna mtu kisiwani aliyekuwa msafi kama yeye.

Siku kumi hazijatimia, akaamka anatetemeka.

Tulisema ni malaria. Alisema miguu inamuuma, tukasema ni uzito wa mimba. Macho yakawa mekundu, nikasema ni moshi wa kuni mbichi. Unaona? Kila dalili nilikuwa na maneno yake. Siku ya nne mjane wa jirani aliingia nyumbani bila kupiga hodi. Tangu mazishi alikuwa hajakanyaga uani kwetu. Alichuchumaa kando ya mkeka, akaweka vidole viwili kwenye shavu la mguu wa mke wangu, akabonyeza kidogo tu. Mke wangu alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Mume wangu alilia hapa hapa," alisema mjane. Akainua kope la jicho kwa kidole gumba. Kwenye weupe wa jicho, nyuma ya wekundu, njano ilikuwa imeanza.

"Lakini huyu hakula panya," nilisema.

"Njo hivyo. Hakula." Alisimama, akajipangusa mikono. "Sasa utaeleza namna gani, mungwana?"

Hakungoja nimjibu. "Mutumbwi wako uko wapi? Wa kwangu unavuja. Tumupeleke lopitali leo, si kesho. Mimi nilingoja kesho."

Tulimlaza kwenye majani makavu katikati ya mtumbwi. Mjane alikaa mbele na kasia la marehemu mumewe, mimi nyuma. Tulikwenda kinyume cha maji, na mto ulikuwa umejaa, ukivuta kwa nguvu, maji yanayotembea kwelikweli. Mjane hakupumzika. Kila mke wangu alipoomba maji, alimpa kutoka kwenye kibuyu alichokuja nacho. Nikamuuliza ni maji ya wapi.

"Ya kuchemsha," alisema bila kugeuka. "Tangu nizike, sinywi kitu ambacho hakijaona moto. Sijui kwa nini. Naogopa tu."

Hospitalini, upande wa watu weusi, alitupokea munganga mmoja, Mkongomani, muuguzi mwenye koti jeupe lililoshonwa begani. Mtu wa makamo, mpole, asiyefanya haraka. Aliuliza kama ilivyo kawaida yao, swali baada ya swali.

"Munakula panya kule?"

"Hapana, sisi ni Wangwana."

"Munalima nini?"

"Mupunga."

Akafunua shuka, akatazama miguu. Alivitazama visigino vya mke wangu muda mrefu, zile nyufa safi, nyekundu. "Na maji ya kutawadha munatoa wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia juu ya panya ukingoni, na juu ya jirani yetu aliyewachuna akafa. Aliweka shuka chini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ndugu yangu, sikia. Panya anaweza kukuua na hujamugusa hata mukia. Ugonjwa uko ndani ya mukojo wake. Anakojoa kwenye maji, mukojo unapotea, hauonekani, hauna harufu. Lakini kidudu kinabaki hai. Kinatafuta mulango. Mupasuko wa kisigino ni mulango. Pua ni mulango. Jicho, kinywa. Aliyechuna panya kwa mikono, na aliyesimama ndani ya maji ya panya, wote wamekifungulia mulango mumoja."

"Lakini maji yanayotembea..." nilianza.

"Hata yakitembea, kama panya wako juu yake, muchemushe. Na yale yaliyolala njo mabaya kabisa. Yenu yalikuwa yanatembea?"

Mke wangu alikuwa amefumba macho. Sikujua kama anasikia. Nilimjibu munganga kwamba masika yalikuwa makubwa sana mwaka huu. Aliinuka, akaenda kuleta sindano.

Walimchoma penisilini mchana na usiku. Daktari mzungu alikuja, akabonyeza tumbo, akasema maneno na munganga, akaenda. Siku ya tatu mtoto alitoka, hana pumzi. Alikuwa wa kiume, kamili, na vidole vyote na kucha zake. Wazee wa msikiti wa mjini walikuja kumchukua. Walileta ndoo ya maji ya kumwosha, na mimi niliuliza, "Maji hayo mumeyatoa wapi?" Mzee mmoja alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili, kisha akanishika bega, akaniambia ni ya kisima, mwanangu, ni ya kisima. Tulimzika kabla ya adhuhuri, kwenye udongo mwekundu wa kilimani, mahali unapoliona ziwa.

Kwa siku mbili sikujua kama nitamzika na mama yake. Kisha haja ndogo ikarudi, nyeusi kwanza, halafu kahawia, halafu rangi yake. Sijawahi kumshukuru Mungu kwa kitu kidogo namna ile. Munganga alitabasamu, akasema figo zimeamka. Mjane, ambaye alikuwa amelala uani kwa hospitali siku zote hizo na kupika bugali kwa ajili yangu, alipiga ishara ya msalaba, akaenda kutafuta mtu wa kumrudisha kisiwani.

Jioni ile mke wangu alifungua macho. Njano ilikuwa bado imo. Hakuuliza juu ya mtoto, alikuwa anajua, mikono yake ilikuwa juu ya tumbo lililolegea.

"Nataka kukuuliza neno moja," alisema. "Usinieleze. Nijibu tu. Lile kapi lilikuwa linakwenda?"

Nje watu walikuwa wanaosha sufuria na kucheka. Ningeweza kusema maji ya masika yana tabia zake. Ningeweza kusema hata munganga amesema yanayotembea nayo yana ugonjwa, na hilo lilikuwa kweli.

"Lilikuwa linazunguka," nikasema.

"Ahaa," alisema. Akageuza uso ukutani. Baada ya muda mrefu alinyoosha mkono nyuma, bila kunitazama, nikaushika.

Tuliporudi kisiwani tulikuta kaburi jipya upande wetu. Lilikuwa la maalimu aliyenifundisha kusoma, mzee aliyekuwa wa kwanza kushuka mferejini kila niliposema yanatembea. Watu wengine wawili walikuwa wamelala na homa, mmoja wao binamu yangu. Nilisimama barazani, pale pale nilipoeleza juu ya nyama ya panya, na safari hii maneno yalitoka vibaya, yamekatika, hayakukaa sawa. Nikawaambia munganga alivyosema juu ya mkojo. Nikawaambia juu ya kapi.

Baba yangu mdogo alisimama. "Unataka kutuambia udhu wa babu zetu ulikuwa uchafu?"

"Hapana, baba mdogo. Udhu ulikuwa safi. Maji njo yalikuwa yamelala, na mimi niliwaambia yanatembea."

Alikaa chini. Hakuna aliyenipiga. Nadhani ningependa mtu anipige. Wanaume waling'oa mafunjo kesho yake, wote, Wangwana na Wakatoliki. Miche mingi ilikufa kitaluni kama nilivyohofia, na mwaka ule tulikula muhogo wa watani wetu. Wale wagonjwa wawili tuliwapeleka mjini siku ile ile. Binamu yangu alirudi, mwenzake hakurudi.

Kisha tulijifunza, polepole, kama watu wote wanavyojifunza. Mjane aliwafundisha wanawake kuchemsha maji ya kunywa na ya kutawadha, akatembea nyumba kwa nyumba na kibuyu chake. Mwanzo walimcheka. Tulihamisha vichanja mbali na mfereji. Wenye vidonda hawakuingia tena jaruba mpaka vipone, na mke wangu aliacha majani ya msasa. Wewe unayesoma haya, ukiishi karibu na maji na panya, usiogope sana. Mambo ya kufanya ni machache, na hata mtu aliyechoka anaweza kuyafanya. Pika maji. Funika chungu. Funga kidonda. Na homa ikija na maumivu nyuma ya miguu, usingoje kesho. Hilo la mwisho si langu, ni la mjane.

Kazi ya kapi walimpa mwingine. Mke wangu alikuwa anashuka kila asubuhi kusimama nyuma ya mtu huyo, mtungi mtupu kiunoni, akitazama kwa macho yake mwenyewe mpaka kapi lipotee. Yule mtu alichukia, akalalamika kwangu. Nikamwambia amwache.

Mungu alitupa watoto wengine baadaye. Nami sikuacha kueleza, nilizaliwa hivyo. Lakini kwa miaka yote tuliyoishi pamoja, kila nilipokaa na mtu nikaanza kumfafanulia jambo, kwa nini bei imepanda, kwa nini fulani amemwacha mkewe, mke wangu alinyanyua uso kutoka kwenye ungo wake wa mchele na kuniuliza, si kwa ukali, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Linakwenda, au linazunguka?"

Mara nyingi mgeni alitutazama asielewe, na mimi nikamwambia, "Ngoja, ndugu. Kusema kweli sijui."